Kuchangisha Fedha kwa Ajili ya Wodi ya Watoto Njiti: Mwongozo Kamili

Watu wengi wakiguswa na habari za watoto njiti, wazo la kwanza huwa inkubeta, kile kisanduku cha kumtunza mtoto katika joto. Wanaitafutia bei, wanatangaza changizo, fedha zinapatikana, na siku ya makabidhiano utepe unakatwa. Nia ni njema. Lakini keti na muuguzi wa zamu ya usiku umuulize anahangaika na nini, na huenda akakutajia mambo mengine kabisa: vihisi vya kupimia oksijeni vimekatika nyaya, mirija midogo ya pua imekwisha, umeme ukizimika jenereta ya hospitali haifiki wodini, na mama aliyejifungua kwa upasuaji amelazwa ghorofa nyingine, hana hata kiti cha kuketi akimpakata mwanawe. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwa muuguzi, kisha unakwenda kwa mfadhili. Changizo linaloanzia kwa mfadhili huishia kununua kinachopendeza kwenye picha.

Kwanza ujue mtoto njiti anahitaji nini

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla wiki 37 za ujauzito hazijatimia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 walizaliwa njiti wapatao milioni 13.4, yaani takriban mmoja katika kila watoto kumi, na madhara ya kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano. Shirika hilo linaeleza pia pengo linaloumiza: katika nchi maskini nusu ya watoto wanaozaliwa katika wiki ya 32 au kabla yake hufa, ilhali katika nchi tajiri karibu wote huishi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo haitokani na tiba za ajabu. Ni joto, msaada wa kupumua, maziwa ya mama na kinga dhidi ya maambukizi.

Yashike hayo manne, maana ndiyo yatakayokupa maneno mbele ya wafadhili. Ngozi ya njiti ni nyembamba, mafuta ya mwilini ni machache, na eneo la ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo hupoteza joto upesi kuliko anavyoweza kulitengeneza. Mapafu yake mara nyingi hayajaanza kutoa vya kutosha ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane, hivyo kila pumzi inakuwa kazi ya kuyafungua mapafu upya. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hukomaa kwenye wiki ya 34 hivi. Kabla ya hapo hulishwa maziwa ya mama kwa mrija unaofika tumboni. Na kinga yake ni changa kiasi kwamba sinki la kunawia lenye maji na sabuni ni kifaa tiba sawa na mashine yoyote.

Mifano miwili itakusaidia sana kueleza kwa nini pesa ndogo inaweza kufanya kazi kubwa. Wa kwanza ni njia ya kangaruu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Bogotá, Kolombia, hospitali ikiwa imefurika na inkubeta hazitoshi, Dkt. Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2021 ulihusu watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atengamae, kulipunguza vifo kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaibadili miongozo yake. Kwa mchangishaji, maana yake ni hii: kitanda cha mama ndani ya wodi, kiti cha kuegemea na kitambaa cha kumfungia mtoto kifuani ni tiba, na viombewe fedha kama tiba.

Wa pili ni mashine ya mapovu inayosaidia kupumua. Hewa iliyochanganywa na oksijeni hupita kwenye mirija midogo ya puani, na mrija wa kutolea hewa huzamishwa ndani ya chupa ya maji. Kina cha mrija ndani ya maji, mara nyingi sentimita 5 au 6 mwanzoni, ndicho kinachoamua msukumo unaoyaweka mapafu wazi. Mfadhili akiyaona mapovu yale kwenye chupa anaelewa papo hapo. Mwambie pia upande wa pili: oksijeni ikizidi inaweza kuharibu macho ya njiti, kwa hiyo mashine hiyo bila kipimo cha oksijeni na kihisi kinachokaa sawasawa kwenye kiguu kidogo ni hatari. Ukinunua kimoja bila kingine hujamaliza kazi.

Hatua ya kwanza: keti na watu wa wodi

Omba miadi kwa muuguzi mkuu wa wodi, si kwa mkurugenzi peke yake. Nenda wakati ambao wodi imetulia, usiende na kundi, na usiombe kuzungushwa kitanda kwa kitanda. Maswali yanayoleta majibu ya kweli ni mepesi:

- Mwezi uliopita, ni kitu gani kilikwisha kabla ya mwezi kwisha?
- Ni mashine gani imesimama, na imesimama kwa sababu gani?
- Umeme ukikatika saa nane usiku na mtoto yuko kwenye oksijeni, mnafanyaje?
- Mama analala wapi, anakula nini, na anakamulia maziwa wapi?
- Kesho nikikuletea kitu kimoja tu, ungechagua kipi?

Swali la mwisho usiliruke. Jibu lake mara nyingi ni dogo kuliko ulivyotarajia, na ndilo utakalolijengea changizo zima.

Kisha mtafute fundi wa vifaa tiba wa hospitali. Huyu ndiye mtu anayesahaulika kuliko wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu vifaa tiba katika nchi zenye kipato kidogo ulikuta kwamba takriban asilimia 40 ya vifaa havikuwa vinafanya kazi. Fundi atakuambia ni aina gani ya mashine anaimudu, vipuri vinapatikana wapi, na kama nyaya za wodi zinabeba mzigo mwingine. Wakati mwingine atakuonyesha mashine nne zilizosimama kwa kukosa kichujio, betri au fyuzi. Kuzifufua hizo nne kunaweza kugharimu kidogo kuliko kununua moja mpya, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kampeni bora ya kuanzia kwa kundi lolote jipya: lengo ni dogo, matokeo yanaonekana haraka, na wafanyakazi wa wodi wanaanza kukuamini.

Hatua ya pili: ruhusa, makubaliano na akaunti

Usikusanye hata senti kabla hujapata barua ya hospitali. Barua iseme wazi kwamba mnaruhusiwa kuchangisha kwa jina la wodi, na iambatane na makubaliano mafupi yenye majibu ya mambo haya: fedha zinaingia akaunti gani, nani anaidhinisha manunuzi, vifaa vitakuwa mali ya nani, nani atavitunza, fedha zikipungua itakuwaje, na zikizidi zitakwenda wapi. Ukurasa mmoja unatosha. Nchi nyingi zina sheria kuhusu michango ya hadhara, kwa hiyo uliza katika ofisi ya serikali inayohusika kama unahitaji kibali au usajili.

Fedha zisipite kamwe kwenye akaunti au simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo anaaminika na kila mmoja. Ama zitumie akaunti ya hospitali yenye kifungu maalumu cha wodi, ama akaunti ya kikundi yenye watia saini wasiopungua wawili wasio ndugu. Kila mchango upewe stakabadhi yenye namba, ukiwemo ule mdogo kabisa. Kwa mweka hazina chagua mtu anayependa hesabu na asiyeona aibu kusema hapana kwa mwenyekiti.

Kamati iwe ndogo, watu watano hadi saba. Weka ndani yake muuguzi au daktari mmoja wa wodi kama mshauri tu, usimbebeshe kazi za kamati, kwa maana zamu zake zinatosha. Na wekeni mzazi aliyewahi kukaa wodini na mtoto wake. Huyu anajua mambo ambayo hakuna ripoti itakayokuambia.

Hatua ya tatu: bajeti inayosema ukweli

Bei ya kununua ni mwanzo tu wa gharama. Kwa kila mashine andika usafirishaji na ushuru, ufungaji, kiimarisha umeme, mafunzo kwa wauguzi wa zamu zote, vitu vinavyotumika na kwisha, matengenezo, na vipuri vya angalau mwaka wa kwanza, ikiwezekana miwili. Mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani, kwa mfano, hula umeme muda wote na vichujio vyake husafishwa na kubadilishwa. Taa za bluu za kutibu umanjano, yaani ngozi na macho ya mtoto kuwa ya njano, huonekana zinawaka vizuri hata baada ya nguvu yake kupungua, kwa hiyo bajeti yake iwe na taa za akiba na, hospitali ikiwa haina, kifaa cha kupima mwanga huo.

Ugawe mpango katika mafungu matatu: vifaa, vitu vya matumizi ya kila siku, na huduma kwa mama. Fungu la pili ndilo gumu kuchangiwa na ndilo linaloweka wodi hai. Mirija ya kulishia, kanula ndogo, vijiti vya kupimia sukari, vihisi, kofia, sabuni ya mikono: hakuna anayekata utepe mbele ya vitu hivi. Ndiyo sababu mimi huvigeuza kuwa kipimo cha muda. Muulize muuguzi mkuu kitanda kimoja hutumia nini kwa mwezi, ujumlishe, na upate gharama ya kitanda kwa mwezi. Sasa una kitu ambacho mtu, familia au ofisi inaweza kukichukua: kitanda kimoja, mwezi mmoja.

Weka wazi pia gharama za kuchangisha zenyewe, kama uchapishaji na makato ya benki. Usitangaze kwamba kila senti inafika wodini kama haifiki.

Hatua ya nne: jua nani ataombwa kiasi gani

Kosa la kawaida ni kuligawa lengo kwa idadi ya watu unaowafahamu na kuwaomba wote kiasi sawa. Watu hawana uwezo sawa, na wenye uwezo mkubwa wakiombwa kidogo hutoa kidogo. Lichukulie lengo lako kuwa 100. Tafuta mchango mmoja wa 20, miwili ya 10, na sita ya 5. Hapo umefika 70, na 30 zilizobaki zitoke kwa watu wengi wenye michango midogo. Kwa kila mchango mkubwa unaoutaka, uwe na majina matatu au manne ya kuyaendea, maana wengi watakataa au watatoa nusu.

Anza na wakubwa, kimyakimya. Tangaza hadharani ukiwa tayari umepata karibu nusu ya lengo, kwa sababu watu hupenda kuongezea kazi inayosonga mbele kuliko kuanzisha iliyosimama. Wanakamati watoe kwanza. Mfadhili makini atauliza hilo, na jibu liwe tayari.

Wa kuendewa ni nani? Wazazi ambao watoto wao walitoka salama wodini, madaktari waliosomea hapo, makampuni yenye wafanyakazi wengi wazazi, vyama vya wauguzi na wakunga, nyumba za ibada, vyama vya akiba na mikopo, na watu wa kwenu walio nje ya nchi. Kuna pia wazazi waliopoteza mtoto. Msiwaendee kwa orodha. Lakini wapo wanaotaka kutoa kwa kumbukumbu ya mtoto wao, na wakija wapokeeni kwa heshima yote: andikeni jina la mtoto kama wao wanavyotaka liandikwe, wajibiwe na mtu mmoja huyo huyo kila mara, na msiwaombe wazungumze mbele ya watu.

Hatua ya tano: kuomba

Kuomba ana kwa ana hushinda simu, simu hushinda ujumbe, na ujumbe kwa mtu mmoja hushinda tangazo kwenye kundi. Ujumbe mzuri hutaja tatizo moja, kiasi, na usalama wa fedha:

"Habari za siku, ndugu yangu. Wodi ya njiti ya hospitali yetu ina mashine mbili za kusaidia watoto kupumua, lakini zimesimama kwa kukosa mirija ya pua na vihisi. Tunatafuta fedha za kuziendesha mwaka mzima, na tumekwishapata nusu. Nakuomba uchukue mwezi mmoja. Gharama yake nimeiandika hapa chini. Fedha zinaingia akaunti ya hospitali, na kila baada ya miezi mitatu nitakutumia hesabu. Nikupigie lini tuzungumze?"

Ukishataja kiasi, nyamaza. Mwache mwenzio afikiri. Akisema hawezi, mshukuru kwa dhati, na muulize kama yupo mtu anayefikiri angependa kusikia habari hizi. Akitoa ahadi, andika tarehe aliyoitaja yeye mwenyewe na umkumbushe siku hiyo, si kabla. Mhimize anayeweza atoe kidogo kila mwezi, kwa kuwa mahitaji ya wodi ni ya kila mwezi.

Sasa picha. Hapa ninaomba uwe mkali kuliko mahali pengine popote. Mwanzoni mwa karne ya 20 Martin Couney aliwaonyesha watoto njiti wakiwa ndani ya inkubeta huko Coney Island, Marekani, kuanzia 1903 hadi 1943. Watu walilipa kiingilio kuwatazama, na fedha hizo ziligharamia matibabu bila wazazi kutozwa chochote. Watoto wengi waliishi kwa sababu hiyo. Lakini walikuwa maonyesho kwenye uwanja wa starehe kwa kuwa hospitali nyingi hazikuwa na nafasi yao, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kutazamwa. Sisi tuna njia nyingine. Mama aliye wodini hawezi kukukatalia kwa uhuru wakati anaona wewe ndiye unayeleta oksijeni. Kwa hiyo ombi la picha au simulizi lisubiri hadi familia itoke hospitalini, liandikwe, na lieleze picha itatumika wapi na kwa muda gani, huku mzazi akijua kwamba anaweza kuiondoa ruhusa hiyo siku yoyote. Ndani ya wodi piga picha ya chupa ya mapovu, ya mikono ya muuguzi, ya kiti kitupu kinachosubiri mama. Usichapishe jina wala uso wa mtoto mgonjwa, na usifungue changizo kwa jina la mtoto mmoja ambaye hali yake inaweza kubadilika usiku huu.

Ziara za wafadhili wodini nazo ziwe chache. Kila mgeni ni mlango wa vijidudu. Waonyesheni mashine katika chumba cha mafunzo, na watu wa wodi waelezee hapo.

Matukio na siku maalumu

Tarehe 17 Novemba huadhimishwa kama Siku ya Watoto Njiti Duniani, na rangi yake ni zambarau. Itumie, ila anza maandalizi miezi mitatu au minne kabla. Matembezi ya hisani, chakula cha jioni na mechi za kirafiki huleta watu wapya, lakini hula fedha na nguvu. Tukio likitarajiwa kutumia zaidi ya theluthi ya mapato yake, litafutieni kwanza mdhamini wa gharama au liacheni. Kila anayehudhuria aache jina na namba yake ya simu kwa hiari, maana faida ya tukio ni wale mtakaowarudia.

Vya kukataa

Kukataa kunahitaji moyo, hasa mbele ya mtu mwenye nia njema. Amueni mapema na muandike.

Msipokee maziwa ya kopo, chupa za kulishia wala ufadhili wa makampuni yanayoyatengeneza. Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha mwaka 1981 kanuni za kimataifa kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, na mwaka 1994 likasisitiza kuwa misaada ya bure au ya bei nafuu ya maziwa hayo isiingie mahali popote katika mfumo wa afya. Kwa njiti jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa maziwa ya mama humkinga na ugonjwa wa kuoza kwa utumbo unaoua upesi. Mtu akitaka kusaidia ulishaji, mwelekezeni kwenye pampu za kukamulia, jokofu la kuhifadhia maziwa, au chakula cha mama.

Vifaa vilivyotumika vikataliwe pia kama havina kitabu cha maelekezo, haviendani na umeme wenu, vipuri vyake havitengenezwi tena, au fundi hajavikagua. Jibu la heshima ni kumwambia mtoaji kwamba hospitali ina masharti yake na kumpa orodha ya vinavyohitajika.

Kununua, kukabidhi na kutoa hesabu

Manunuzi yafuate utaratibu wa hospitali, na bei zipatikane kwa wauzaji watatu. Mkataba useme nani anafunga, nani anafundisha, na mashine ikiharibika muuzaji atafika baada ya siku ngapi. Zuieni sehemu ya malipo hadi mashine iwake na wauguzi wa zamu ya usiku nao wawe wamefundishwa. Siku ya makabidhiano iwe fupi na ifanyike nje ya wodi.

Ndani ya siku mbili kila mchangiaji ashukuriwe kwa jina. Ndani ya mwezi mmoja baada ya manunuzi apate hesabu: kilichopatikana, kilichotumika, kilichobaki, pamoja na nakala za stakabadhi kwa atakayeziomba. Baada ya miezi sita mwambieni kama mashine bado inafanya kazi. Kama imesimama, semeni imesimama na mnafanya nini. Msiandike kwamba fedha zake ziliokoa watoto kadhaa. Hakuna anayeweza kulithibitisha hilo kwa mashine moja katika wodi ambamo mtoto anashughulikiwa na watu wengi. Andikeni ni vitanda vingapi vina vihisi, ni siku ngapi oksijeni haikukatika, ni mama wangapi wanalala karibu na watoto wao. Takwimu za wodi zitoke kwa wodi yenyewe na kwa idhini yake.

Fedha zikipungukia lengo, rudini kwa muuguzi mkuu achague kipi kianze, kisha waandikieni wachangiaji mabadiliko hayo kabla ya kununua. Zikizidi, ziingie kwenye fungu la vitu vya matumizi ya kila siku kama makubaliano yalivyosema, na ahadi za kila mwezi muanze kuzihuisha miezi mitatu kabla akiba hiyo haijafika mwisho.